Nukta

Nilikuwa mpiga taipu, ghorofa ya pili, Kivukoni,
miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni.
Herufi R ya mashine yangu ilipanda juu ya mstari,
kila Wizara niliyoiandika ikawa inachechemea.

Saa nane na nusu, ofisi inafungwa,
Bwana Kalembo akaniwekea karatasi, koti tayari begani.
Mabomba ya maji, kilomita thelathini,
kipenyo sentimita 45.
Nami asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimefaili barua ya wahandisi:
nne, nukta, tano.
Bomba la kuingia uani kwa mtu, la kujaza ndoo.

Nikauliza, "Bwana, hapa hakuna nukta?"
Akatazama saa. "Kumbe nimeletewa mhandisi," akasema.
"Chapa. Nukta haijamlisha mtu."

Nikachapa.
Nakala nne, karatasi ya kaboni katikati,
kosa likazama hadi ya mwisho,
limefifia, lakini linasomeka.

Baba yangu alikuwa kuli bandarini enzi za karanga.
Alipakua vifaru vya vita vilivyotahiriwa mizinga,
vikaitwa matrekta, vikaenda kulima Kongwa,
na udongo wa Kongwa kiangazi ukawa tofali.
"Hakuna aliyemwuliza Mgogo habari za mvua," alikuwa akisema,
kisha anacheka mpaka anakohoa,
maana yeye alilipwa mara mbili:
kuvishusha,
na kuvipakia tena vikiwa chuma chakavu.

Mabomba yalifika baada ya miezi kumi na minne.
Mapana! Mbuzi aliingia akazalia humo.
Yalilazwa kando ya Barabara ya Pugu, nyasi zikaota,
watoto wakachezea kombolela,
mlinzi mmoja akaning'iniza pazia, akahamia na mkewe.
Temeke ikaendelea kuchota kisimani.

Ikaundwa Tume. Wajumbe saba,
posho, sambusa, gari la kwenda kuyaona mabomba
na gari la pili la kulisindikiza la kwanza.
Ripoti ikaja mezani kwangu niichape.
Ukurasa wa arobaini na moja:
chanzo cha hasara ni makosa ya uchapaji.

Niliichapa neno kwa neno, sikupunguza.
Ila ile nukta ya mwisho wa sentensi
niliipiga kwa kidole hiki mpaka karatasi ikatoboka.
Ukiuinua ukurasa ule dirishani
unaona bahari, kidogo tu,
punje moja ya buluu.

Bwana Kalembo alipandishwa cheo.
Mimi nilipewa mashine mpya, R yake imenyooka. Nikaipokea.
Funika kombe, wanasema. Nililifunika,
na mwanaharamu alipopita nilimwona sura,
nikampisha njia.

Siku hizi hawasemi uchapaji, wanasema mfumo.
Mkwe wangu yuko kampuni moja ya vioo vitupu pale Posta.
Walinunua mfumo kwa mabilioni;
mwezi wa kwanza ukawalipa mishahara marehemu,
walio hai wakaambiwa wasubiri.
"Nani aliusaini?" nikamwuliza.
Akatazama saa.

Naishi Mbagala. Bomba langu linakoroma, halitoi.
Shomvi ananiletea maji kwa mkokoteni,
deni analiandika ukutani kwa mkaa.
Jana nikasoma: madumu 45.

"Shomvi, arobaini na tano?"
"Nne na nusu, bibi. Lile la tano si lilimwagika mlangoni?
Nukta imeliwa na mvua."

Akacheka, nami nikacheka,
akashika mikono ya mkokoteni aende zake.
Nikamwambia asiondoke kwanza,
nikaingia ndani kutafuta kalamu.